Ubao wa Kisoro Hupimwa kwa Mkono

Tukiandika juu ya mila zetu tuko na tabia moja: tunasifu. Ngoma tunaisifu, kikapu tunakisifu, kibuyu cha maziwa tunakisifu, na tukimaliza kusifu tunafikiri kazi imekwisha. Lakini wazee wetu hawakuwa watu wa kusifu tu. Walikuwa wachambuzi wakali. Mama akiletewa chungu kipya alikigonga kwa kidole, akasikiliza, na kama hakikulia vizuri alimrudishia mfinyanzi palepale. Mchungaji akipewa fimbo aliipima kwanza mkononi ajue uzito umelalia upande gani. Katika makala hii tunataka kuchambua kitu kimoja kwa njia ile ile ya wazee: ubao wa kisoro. Swali letu ni fupi, na ni swali ambalo maonyesho na maduka hayaulizi. Ubao huu unachezeka?

Tuseme kwanza ni mchezo gani. Wenye kusema Kinyarwanda wanauita igisoro, na kuucheza wanakuita kubuguza. Waganda wana ndugu yake, omweso. Waswahili wa pwani na Unguja wana bao. Waluba wana kisolo chao. Kanuni zinatofautiana kutoka nchi na nchi, lakini ukiwaweka wachezaji wawili wa mbali mbele ya ubao mmoja, kabla ya jua kutua watakuwa wameelewana. Hapa Masisi, penye lugha nyingi na mabishano mengi juu ya nani ni mwenyeji wa nini, ni vizuri kuanza na neno hili: mchezo huu hauna hati ya kiwanja. Katika kurasa hizi tutauita kisoro, ili tusirudierudie majina.

Ubao una mistari minne, kila mstari mashimo manane, jumla mashimo 32. Mbegu ni 64, kila mchezaji anaanza na 32. Mistari miwili iliyo upande wako ni yako, mingine ni ya mwenzako. Unachota mbegu zote za shimo lako moja, unazipanda moja moja kuzunguka mashimo yako 16. Mbegu ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu yako imekwisha. Ikiangukia shimo lenye mbegu, mwendo unaendelea. Kama shimo hilo liko mstari wa ndani, na mashimo mawili ya mwenzako yanayotazamana nalo yote yana mbegu, unazikamata zile na kuzipanda kuanzia pale mwendo wako ulipoanzia. Kama sivyo, unachota za shimo ulilofikia, unasonga mbele. Asiyeweza tena kuchota ameshindwa.

Sasa tazameni mkono unafanya kazi gani hapo. Chota, panda, chota, panda, kamata, rudi, panda. Zamu moja inaweza kuzunguka upande wako mara mbili au tatu bila kupumzika, na mchezaji hodari haendi polepole. Kwa hiyo ubao si meza ya kuwekea mbegu. Ubao ni chombo cha kazi, kama jembe, kama ngoma. Na chombo cha kazi hakipimwi kwa macho.

Shimo

Tuanze na shimo, kwa sababu ubao wote ni mashimo. Mti uliobaki ni kuta tu. Shimo zuri ni la mviringo juu na la mviringo chini, kama ndani ya kibuyu kilichokatwa. Vidole vinaingia pamoja, vinafuata ukuta, vinatoka na mbegu zote mara moja. Hakuna inayobaki nyuma. Shimo lenye chini tambarare na kuta za kusimama, kama kopo, ni baya. Mbegu zinajificha kwenye pembe, mchezaji anakwangua kwa ukucha, mara ya kwanza, mara ya pili, na wakati anakwangua hesabu inamtoka kichwani.

Shimo la juujuu nalo ni baya kwa sababu nyingine. Mbegu ikidondoka inaruka, inaingia kwa jirani, na hapo maneno yanaanza. Kwenye kisoro mbegu moja iliyohamia kwa jirani inabadilisha mwendo wote: aliyestahili kukamata anakosa, aliyekuwa amekwisha anafufuka. Kwa hiyo tukisema shimo ni la juujuu hatusemi habari ya uzuri. Tunasema habari ya haki.

Je, basi tuchimbe shimo refu tu? Hapana. Mkono ukizama mpaka kwenye kifundo, ubao umekuwa kisima. Mchezaji lazima aone mbegu bila kuzigusa, kwa sababu kabla ya kucheza anausoma ubao mzima: huku tatu, kule tano, pale nyingi. Mbegu mbili zilizozama kwenye giza la shimo zinamdanganya. Fundi anatakiwa atengeneze shimo linaloweza kupokea mbegu 15 au 20 bila kumwagika, na tena mbegu mbili peke yake zionekane ndani yake. Hayo mawili yanavutana. Kuyapatanisha ndiyo akili ya kazi yenyewe, na haiko kwenye futi wala kwenye penseli. Iko kwenye vidole vya mtu ambaye amecheza.

Kuna pia ukingo, ule ukuta kati ya shimo na shimo. Ukiwa mwembamba sana unakuwa mkali, na baada ya michezo mitatu ngozi ya vidole inalalamika. Tena unavunjika upesi. Ukiwa mpana sana ubao unakuwa mrefu, na mkono unafanya safari badala ya kucheza. Ukingo mzuri umelainishwa pande zote mbili, hata mkono ukiteleza juu yake gizani hauumii. Mwisho kuna tumbo la ubao, sehemu inayokaa chini. Hiyo watu wengi hawaigeuzi kuitazama. Ubao unaotikisika kila mbegu ikianguka ni sawa na kiti chenye mguu mfupi: unaweza kukikalia, lakini hutasahau hata mara moja kwamba umekikalia.

Sauti

Wageni wakitazama kisoro wanatazama mikono. Wazoefu wanasikiliza. Mbegu ngumu ikianguka kwenye mti mgumu inasema wazi, moja, moja, moja. Ikianguka kwenye mti laini kama sifongo inanung'unika tu, na mbegu mbili zilizoanguka pamoja zinasikika kama moja.

Mtu atauliza, sauti ina kazi gani? Kazi yake ni ushuhuda. Mchezo ukienda mbio, jicho la mwenzako haliwezi kufuata kila kidole. Sikio linaweza. Kama mdundo ulikuwa sawasawa kisha ukaruka, kila mtu aliyekaa pale amejua kwamba mbegu mbili zimeangukia shimo moja, hata kabla ya kutazama. Kwenye ubao bubu watu wanalazimika kucheza polepole ili macho yatoshe, na kisoro cha polepole ni kama uji uliopoa: bado ni uji, lakini nani anauomba tena? Kuna pia wale wanaosimama nyuma, wale ambao hawakuombwa maoni na wanayatoa. Sauti ndiyo inayowaita kutoka barabarani. Ubao bubu unacheza watu wawili. Ubao wenye sauti unacheza mtaa mzima.

Mti na fundi

Sauti inatuleta kwenye mti. Katika milima hii kuna mti ambao Kinyarwanda kinauita umuvugangoma, na jina lenyewe limekwisha kusema: ni mti unaoifanya ngoma iseme. Unachongeka bila ugomvi na haupasuki ovyo. Kuna pia umusave, mti wa kudumu ambao wadudu hawauvamii haraka. Miti kama hiyo inafaa kwa ubao, lakini siku hizi ukipanda kutoka Sake kuelekea Mushaki unachokiona zaidi kwenye miteremko, ukiacha majani ya ng'ombe, ni mikaratusi. Ndiyo inayotupa makaa, mbao, na chukudu zetu. Kwa hiyo fundi wa leo anachukua kinachopatikana.

Hatutaki kuutukana mkaratusi. Ni mti mzito, wenye nguvu, na sauti yake kwenye kisoro ni kali na safi. Lakini ni mti wa hasira. Ukikauka haraka unapasuka, na ufa hauombi ruhusa: unafuata nyuzi za mti kutoka shimo moja mpaka la tatu. Mbegu zinakwama ndani ya ufa, na ubao umekuwa kuni. Mushaki iko juu, zaidi ya meta 2,000, baridi na mvua vimezoeleka. Mti unakauka polepole huko, na hiyo ni bahati kwa fundi mwenye subira. Anaweka gogo kivulini, mbali na moto, analiacha miezi. Fundi mwenye haraka analiweka karibu na mafiga ili auze wiki ijayo. Tofauti ya hao wawili haionekani siku ya kununua. Inaonekana kiangazi kinachofuata.

Wako kati yetu watu wanaosema ufundi umekufa. Si kweli. Nendeni mtazame fundi wa chukudu. Anachagua mti wa mhimili kwa kuugonga, anajua sehemu gani ya gogo itabeba mifuko ya viazi mpaka Goma bila kukatika, anachonga gurudumu kwa shoka, tezo na panga mpaka linazunguka bila kuyumba. Mkono wa kuchonga tuko nao. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia fundi: hapana, shimo hili si zuri, rudia. Chukudu ina mwalimu wake, ambaye ni barabara. Chukudu mbaya inamwangusha mwenyewe kwenye mteremko wa Sake, na kesho yake fundi anapata habari. Ubao mbaya hauangushi mtu. Unakaa kimya ukutani, na fundi anaendelea kufikiri kwamba amefanya vizuri.

Juu ya mbegu tuseme kidogo tu. Watu wa pwani wanatumia komwe, mbegu za kijivu, ngumu, laini, karibu zote za kipimo kimoja. Hicho ndicho kipimo cha mbegu popote: ziwe ngumu, laini, na zifanane. Maharagwe ni mepesi, yanaruka, tena wadudu wanayatoboa. Mawe ya mtoni yana sauti nzuri lakini yanakula ubao kidogo kidogo kama maji yanavyokula kingo. Mbegu zikiwa kubwa na ndogo zimechanganyika, mkono unapotea, kwa sababu mkono uliozoea unajua umeshika tano au sita kabla ya kichwa kuhesabu.

Ubao wa wageni

Sasa tufike kwenye uchambuzi wenye kuuma. Katika miji ya kando ya ziwa kunauzwa mbao za kisoro kwa wageni. Tumezishika nyingi mkononi. Kwa macho ni nzuri: zimepakwa rangi nyeusi, nyingine ni dawa ya viatu tu, zina tembo au sokwe amechongwa kila upande, zinang'aa. Lakini weka mbegu uone. Shimo ni la juujuu kama kijiko cha chai. Ukingo haukulainishwa kwa sababu hakuna kidole kilichotazamiwa kupita hapo. Vernisi ni nyingi mpaka mbegu inateleza yenyewe ikitafuta kwa kwenda. Nyingine zina mistari miwili ya mashimo sita, yaani ni ubao wa mchezo mwingine kabisa, na bado muuzaji anauita kisoro cha wazee wetu.

Hatumlaumu muuzaji, anatafuta chakula cha watoto. Hatumlaumu hata mgeni. Yeye ananunua kumbukumbu ya kuweka sebuleni. Tunachokataa ni jambo moja: ubao ule ule kuchukuliwa na sisi wenyewe, kuwekwa mezani siku ya sherehe ya utamaduni, na kuandikiwa karatasi kwamba huu ndio urithi. Ubao ambao hauwezi kuchezeka ni picha ya ubao. Picha si mbaya, lakini tusiifundishe kwa watoto kama kitu chenyewe.

Tuwe wa haki pia. Mbao zile za wageni zina wazo moja zuri ambalo mafundi wetu wangefaa kuliiba. Nyingi zinakunjwa katikati kwa bawaba, mbegu zinafungiwa ndani, na mtu anazibeba chini ya kwapa. Ubao wa gogo moja haukubali hivyo. Tutaona karibuni kwa nini jambo hili si dogo kwa watu wa Masisi.

Fundi aliyecheza

Vijana watatuambia kwamba sisi tuko nyuma, wao siku hizi wanacheza biyari. Vizuri. Basi twende nao mpaka kwenye meza ya biyari, tuone. Kijana akiingia, anafanya nini kwanza? Hachukui fimbo iliyo karibu. Anachukua moja, anailaza juu ya meza, anaiviringisha, anatazama kama inarukaruka, maana fimbo iliyopinda haifichi. Anatazama ile ngozi ndogo ya kwenye ncha kama imekwisha. Anaipima mkononi: nzito nyuma au nzito mbele? Halafu ndipo anaomba chaki. Huyo kijana anayesema hana habari na mila amekwisha kufanya uchambuzi wa wazee, hatua kwa hatua.

Na huko ng'ambo wako watu ambao fimbo za biyari wanazitengeneza moja moja kwa mkono, kwa kipimo cha mchezaji. Mmoja aliyejulikana sana alikuwa George Balabushka, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani akiwa mtoto. Alikuwa fundi wa mbao, tena alikuwa na sehemu katika ukumbi mmoja wa biyari huko Brooklyn. Mwaka 1959 alianza kuwatengenezea rafiki zake fimbo, na aliendelea mpaka kifo chake mwaka 1975. Wachezaji waliozisifu fimbo zake hawakuanza na mapambo. Walisema habari ya pigo: vile mpira ukigongwa, mti unaleta habari mpaka kwenye kiganja. Leo nyingi ya fimbo zile zinauzwa kwa bei ya juu sana kwa watu wa kukusanya vitu, na nyingine zimefungiwa kwenye kabati.

Tumeleta mfano huu kwa sababu mbili. Ya kwanza: fundi yule alikaa kati ya wachezaji, akasikia malalamiko yao kila jioni. Sifa yake haikutoka kwenye mti peke yake. Ya pili: hata kwa watu wenye pesa, kitu kikishasifiwa sana kinaacha kutumika, kinaingia kabatini, na sifa inabaki bila mkono. Hatari hiyo si ya maskini tu.

Mashimo ya udongo

Hapa kwetu kilichoutoa ubao mkononi si kabati. Ni kukimbia. Mwezi wa Desemba 2007 kulikuwa mapigano makubwa Mushaki. Mwezi wa Februari 2023 vita vilifika tena, na watu wakateremka Sake na Goma, wakaingia kambini. Mwanzoni mwa 2025 kambi nyingi za kandokando ya Goma zikabaki tupu, watu wakaanza tena njia. Kila mara hesabu ni ile ile: mtoto mgongoni, godoro kichwani, sufuria mkononi. Ubao wa gogo moja, mzito kama jiwe la kusagia, unabaki nyumbani. Ukiurudia, kama nyumba iko, pengine ubao umekwisha kupikia mtu chakula. Hatumhukumu; baridi ya Mushaki tunaijua.

Lakini mchezo wenyewe haukubaki. Mchezo ulikwenda na watu, kwa sababu kanuni hazina uzito. Panapo udongo, mtu anachimba mashimo 32 kwa kisu au kwa kisigino, anaokota mawe, na kisoro kinaanza. Penye mawe ya volkano hata shimo halichimbiki, na watu wanatafuta njia nyingine. Tukichambua ubao wa udongo kwa vipimo vyetu, tutasema hivi. Shimo lake linaweza kuwa zuri sana, maana udongo unakubali umbo lolote. Gharama hakuna. Watoto wanajifunzia hapo, na ni shule halali. Lakini ukingo unabomoka, mvua moja inafuta kila kitu, na sauti hakuna kabisa. Mbegu inaangukia udongo kama neno linaloangukia mtu asiyesikia.

Na hapo ndipo tunapoona kitu gani hasa kinapotea. Kanuni hazipotei. Mwaka 1977 mtafiti Philip Townshend alichapisha huko Ubelgiji kazi juu ya michezo hii katika Zaïre, Rwanda na Burundi, na kazi za namna hiyo zitabaki hata sisi tukisahau. Kinachopotea ni mwendo wa mkono, kusikiliza, na lile jicho la kukataa. Kijana aliyejifunzia udongoni peke yake anajua kucheza, lakini mletee mbao mbili, nzuri na mbaya, hatajua tofauti. Zote kwake ni afadhali kuliko udongo. Atanunua ile yenye tembo. Fundi ataona ile yenye tembo inanunuliwa, atachonga nyingine. Hivyo, bila mtu yeyote kufanya kosa kubwa, baada ya miaka michache tutakuwa na mbao nyingi na kisoro kimekwisha. Mila inaweza kufa huku vitu vyake vinaongezeka. Neno hilo tunaomba lisomwe mara mbili.

Basi tufanye nini

Hatutaki kumaliza kwa kulia. Mambo tunayoyaomba ni machache, na hayahitaji wafadhili.

La kwanza: ubao mpya usilipwe wote kabla ya kuchezewa. Waitwe wachezaji wawili wazoefu, wacheze michezo mitatu mbele ya fundi, na wamwambie bila kumwonea haya: shimo hili linakwamisha, ukingo huu unaumiza, huku hakuna sauti. Fundi wa kweli hatakasirika. Aliyeambiwa kosa mara moja, ubao wake wa pili unakuwa mwingine. Na akifanya vizuri alipwe vizuri, kuliko yule wa tembo, maana miezi ya kungojea mti ukauke nayo ni kazi.

La pili: mafundi wa chukudu waombwe wajaribu ubao wa kukunja, wenye mistari minne kamili na mashimo ya kina cha kweli, mdogo wa kubebeka kwapani. Kuna wazee watakaosema ubao wa bawaba si ubao. Tunawajibu kwa heshima: ubao unaoweza kukimbia na mwenyewe ni bora kuliko ule wa baba unaobaki kuwa kuni. Mradi shimo liwe shimo, na sauti iwepo. Mbao mbili nyembamba zilizounganishwa haziwezi kulia kama gogo. Hilo litakuwa kasoro, na tutalisema. Lakini ni kasoro ya kitu kinachochezwa.

La tatu: wenye kupanda mikaratusi kila mwaka wapande kidogo umuvugangoma na umusave kati yake. Hatupandi kwa ajili yetu. Mti wa ubao mzuri unapandwa na mtu ambaye hatacheza juu yake.

La nne, ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote: mbao za zamani zilizobaki zitolewe zilipofichwa. Wako watu wanaosema kuzichezea ni kuzimaliza. Ni kweli ubao unaisha kwa kuchezwa, sawa na jembe linavyoisha kwa kulima, na hakuna aliyewahi kusifiwa kwa jembe lisiloisha. Ubao uliofungiwa unaisha pia, kwa funza na kwa nyufa, lakini unaisha bila kumfundisha mtu. Ukichezwa, kila ukingo uliolainika na kuwa mweusi kwa jasho unamwambia mkono mpya mahali mikono ya zamani ilipopita.

Na ninyi wasomaji, mkikutana na ubao wa kisoro mahali popote, sokoni, nyumbani kwa mzee, au mezani siku ya sherehe, msiseme upesi kwamba ni mzuri. Ugeuzeni mtazame tumbo lake. Ingizeni vidole kwenye shimo la pembeni. Dondosheni mbegu moja, msikilize. Halafu mtafute mtu wa kukaa upande wa pili.